Kabla Hujauza Shamba: Mwongozo Kamili wa Kupima Kama Uhamie Nje ya Nchi au Ubaki

Nina duka la kutoa kopi na kujaza fomu, mwendo mfupi kutoka Nyerere Square hapa Dodoma. Kila wiki anaingia mtu mwenye bahasha ya kaki, anataka nimjazie fomu ya viza au nimwandikie CV ya kazi za nje. Namuuliza swali moja: "Ukishalipa kila kitu kule, mwezi ukiisha utabakiwa na shilingi ngapi?" Karibu wote wananitajia mshahara. Swali langu linakuwa bado halijajibiwa.

Mwaka jana mwezi wa nane aliingia mzee kutoka Kongwa na binti yake. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka mfuko juu ya meza. Ndani mlikuwa na milioni nne za shamba la alizeti, zimefungwa kwa rababendi mafungu ya laki mbili mbili. "Mwanangu, mtolee huyu kopi za mkataba, wakala anazisubiri stendi." Mkataba ulikuwa kurasa tatu za Kiarabu. Kati yetu sisi watatu hakuna aliyeweza kusoma hata mstari mmoja.

Mimi mwenyewe niliishi Uingereza miaka sita, kisha nikarudi. Siandiki kumzuia mtu, maana fedha za kule zilisomesha wadogo zangu wawili na kunijengea nyumba Nkuhungu. Naandika kwa sababu watu wanakosea kupima, tena wanakosea mahali palepale: wanalinganisha maisha ya kule ya kesho na maisha ya hapa ya leo. Kinachopaswa kulinganishwa ni kule baada ya miaka mitatu na hapa baada ya miaka mitatu, kwa fedha ileile na jasho lilelile. Hatua zote hapa chini zinaelekea kwenye ulinganisho huo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze na pasipoti. Anza na hivi:

- Daftari la kaunta na kalamu. Hesabu za kichwani zinakubali kila uongo.
- Taarifa za miezi mitatu za simu na benki, uone fedha yako inakwenda wapi kweli.
- Karatasi ya mkataba, barua ya chuo au tangazo la kazi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauhesabiki.
- Orodha ya wanaokutegemea, na kiasi unachompa kila mmoja kwa mwezi.
- Namba za watu wawili wanaoishi sasa hivi katika mji unaotaka kwenda, mmoja wao asiwe ndugu yako. Ndugu huona aibu kusema amekwama.
- Wiki sita. Anayekwambia nafasi inafungwa kesho hana nia ya kukuacha upime.

## Hatua ya 1: Andika sababu yenye kiasi na tarehe

Fungua ukurasa wa kwanza, andika sentensi moja: "Nataka kwenda ili..." Malizia kwa kitu kinachoweza kuhesabika. "Ili nipate milioni 20 za kumaliza nyumba kabla mtoto hajaingia kidato cha kwanza" ni sababu. "Ili nipate stashahada ya uuguzi inayokubalika Ulaya" ni sababu. "Maisha yamekuwa magumu" ni kilio cha kweli, nami nakiheshimu, ila hakikuambii lini umefika.

Asiye na kiasi wala tarehe hukaa kule miaka kumi akisubiri hali iwe nzuri, na hapa nyumbani wanaendelea kuomba kwa sababu hawajui kikomo.

Hatua hii imekamilika ukimsomea mtu sentensi yako naye akaweza kukuuliza, "Bado shilingi ngapi?"

## Hatua ya 2: Taja nchi, mji na jina la viza

"Ulaya" si nchi na "Uarabuni" si mji. Andika mambo matatu: nchi, mji, na jina kamili la viza. La tatu ndilo wengi hawana, na ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu viza ndiyo inayosema utafanya kazi gani, kwa saa ngapi, kwa mwajiri yupi, na kama mume au mke na watoto wanaweza kukufuata.

Chukua Uingereza. Wateja wangu bado wanakuja wakitaka kazi za kutunza wazee. Tangu Machi 2024 wanaokwenda kwa kazi hiyo hawaruhusiwi kuchukua familia, na Julai 2025 mlango wenyewe ulifungwa kwa waombaji wapya walioko nje. Wanafunzi nao, tangu Januari 2024, hawachukui mke, mume wala watoto, isipokuwa wa shahada za utafiti kama uzamivu na wachache wenye ufadhili wa serikali. Mtu anayekuuzia "nafasi ya kulea wazee London, familia inafuata" anakuuzia mlango uliokwisha fungwa.

Kwa nchi za Ghuba, neno la kujifunza ni kafala. Ni mfumo unaofunga ukaazi wako kwa mwajiri mmoja. Nchi kadhaa zimeulegeza, Qatar mwaka 2020 kwa mfano, lakini mfanyakazi wa ndani ndiye hubaki na ulinzi mdogo, maana kazi yake iko nyuma ya mlango wa nyumba ya mtu. Ukigombana na bosi hapa Area C, unachukua begi na kupanda bodaboda. Kule kuondoka bila kufuata taratibu kunaweza kukufanya uonekane mtoro mbele ya sheria. Liandike hilo kwenye safu ya hasara, herufi kubwa.

Onyo: viza ya matembezi si viza ya kazi. Anayekwambia "ingia na ya matembezi, tutaibadilisha ukifika" anakuomba ubebe hatari yote peke yako. Ukikamatwa na kurudishwa, jina lako linabaki kwenye mafaili yao muda mrefu.

Soma masharti ya viza kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo, si kwenye ukurasa wa wakala. Ukiweza kumweleza mama yako kwa Kiswahili chepesi viza hiyo inaruhusu nini na inakataza nini, endelea.

## Hatua ya 3: Hesabu gharama mpaka umalize miezi mitatu kule

Wengi wanahesabu mpaka tiketi ya ndege. Hesabu mpaka siku utakayokuwa umekaa kule miezi mitatu, maana mshahara wa kwanza huchelewa na chumba hudai dhamana kabla hujalala.

Za hapa nyumbani ni ndogo ndogo lakini nyingi. Pasipoti ya kielektroniki ya kawaida, ada yake ilipoanza mwaka 2018 ilikuwa shilingi 150,000. Kuna cheti cha kuzaliwa cha RITA kama chako kilipotea, cheti cha mwenendo mwema cha polisi, tafsiri za vyeti na mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje. Balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam, kwa hiyo weka safari tatu, usiweke moja. Treni ya SGR imeturahisishia: ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000 kwenda tu. Zidisha mara sita, ongeza malazi.

Kubwa ni zile zinazodaiwa na nchi unayokwenda. Mifano miwili inatosha:

- Ujerumani kwa masomo ya chuo: unaweka fedha kwenye akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, na unaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Kwa euro moja shilingi 2,900, hiyo ni zaidi ya milioni 34. Ni fedha yako, ila lazima iwepo kabla ya viza. Anayekwenda kwa mafunzo ya kazi yenye posho ya kutosha anaweza asihitaji.
- Uingereza: juu ya ada ya viza kuna tozo ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi na 1,035 kwa mfanyakazi. Miaka yote ya viza hulipwa kwa mkupuo mmoja. Kuna pia kipimo cha kifua kikuu kwa anayekwenda zaidi ya miezi sita, na cheti chake kinadumu miezi sita tu. Ukipima mapema mno unarudia.

Chini ya jumla, andika chanzo cha kila shilingi, na hapa nakusihi. Mkopo wa kausha damu usiingie kabisa kwenye ukurasa huu. Ukikopa milioni mbili kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ni laki nne kila mwezi za riba peke yake, na deni lenyewe halijapungua hata mia. Viza ikicheleweshwa miezi mitatu, milioni 1.2 imekwenda na wewe bado uko Chang'ombe.

Kuuza shamba nako kusiwe uamuzi wa jioni moja. Kama ni la zabibu Hombolo au Mpunguzi, linavunwa mara mbili kwa mwaka. Unauza pia mavuno ya miaka yote utakayokuwa nje, kwa hiyo yaandike kama gharama.

## Hatua ya 4: Hesabu kinachobaki, achana na mshahara

Hapa ndipo pa kukaa siku mbili. Nitachora mfano, namba ni za kufundishia, wewe weka zako.

Dada mmoja, fundi cherehani wa Dodoma, amepata nafasi ya mafunzo ya uuguzi Ujerumani, miaka mitatu. Posho ni euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Ukizidisha kwa 2,900 unapata 3,770,000. Hiyo ndiyo namba inayozunguka mtaani, na ndiyo itakayomfanya mjomba apige simu.

Sasa tuteremke nayo. Makato ya bima na pensheni kule ni kama asilimia 20, zinabaki euro 1,040. Chumba 420. Chakula 250. Nauli 50. Simu na intaneti 20. Nguo za baridi na dharura 50. Jumla ya matumizi 790. Kinachobaki ni euro 250, yaani shilingi 725,000.

Hiyo 725,000 ndiyo namba ya kuandika kwa wino mwekundu. Kama aliondoka kwa deni la milioni sita bila riba, atalilipa kwa miezi minane na zaidi kidogo, na katika miezi hiyo hatatuma kitu nyumbani. Nyumbani wanalijua hilo? Kama hawalijui, miezi minane hiyo itavunja undugu.

Ukienda Ghuba hesabu hubadilika sura, maana mfanyakazi wa ndani kwa kawaida hulala na kula kwa mwajiri. Mshahara ni mdogo ila karibu wote unabaki. Kule uzito uko kwenye kama utalipwa kila mwezi, si kiasi gani. Mwaka 2017 Human Rights Watch walichapisha maelezo ya Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti zilizochukuliwa na waajiri, siku ndefu bila mapumziko, mishahara iliyokatwa au isiyolipwa kabisa. Wapo wanaolipwa vizuri na kurudi na nyumba, ninawajua. Kwenye daftari hesabu miezi miwili ya kutolipwa kila mwaka, uone kama mpango wako bado unasimama.

Kutuma fedha nako kunakula. Wastani wa dunia kwa takwimu za Benki ya Dunia umekuwa juu kidogo ya asilimia 6 ya kinachotumwa, na kuja Afrika kusini mwa Sahara ndiko ghali zaidi. Uliza wale watu wawili wa kule wanatumia njia gani na wanakatwa ngapi.

## Hatua ya 5: Hesabu ya kubaki, ambayo hakuna anayeipiga

Chukua ukurasa wa pili, juu andika: "Ningewekeza fedha hiyohiyo na nguvu hiyohiyo hapa." Usiandike maisha yako ya leo. Andika maisha yako yakipewa milioni sita na miaka mitatu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, kama utakavyoamka kule.

Nirudi kwa fundi wetu. Milioni sita Dodoma ni mashine mbili, ya kudarizi nguo na ya kufunga pindo, fremu kwa miezi sita, na vitambaa vya kuanzia. Tuseme baada ya kula, kodi na watoto, mwaka wa kwanza anabakiwa na laki mbili kwa mwezi, wa pili laki tatu na nusu, wa tatu laki nne na nusu. Jumla ya miaka mitatu ni milioni 12. Toa mtaji wa milioni sita, ongeza mashine zilizochakaa ambazo bado zinauzika milioni tatu. Zinabaki milioni 9.

Ujerumani, miezi 36 mara 725,000 ni milioni 26.1. Toa milioni sita za kuondokea, zinabaki 20.1.

Tofauti ni milioni 11.1. Ukigawa kwa miezi 36 ni laki tatu na elfu nane. Kumbuka tulianza na namba ya mtaani, milioni 3.77 kwa mwezi.

Bado hatujaweka watoto. Huku Dodoma tumeshawahesabu. Kule lazima awatumie, tuseme laki mbili kwa mwezi kwa bibi yao, jumla milioni 7.2. Tofauti inashuka hadi milioni 3.9, yaani laki moja na elfu nane kwa mwezi.

Usikimbilie kusema basi abaki. Mwaka wa nne anamaliza, ana cheti, mshahara wake unapanda sana. Akikaa miaka saba hesabu inageuka kabisa na kuondoka kunashinda kwa mbali. Akiwa na mpango wa kurudi baada ya miaka mitatu, amebadilisha utoto wa wanawe kwa laki moja kwa mwezi. Ndiyo maana nilikwambia tarehe ni muhimu kwenye Hatua ya 1.

Kama umeajiriwa, ukurasa huu una mistari zaidi: michango ya hifadhi ya jamii (PSSSF au NSSF) itakayosimama, kupanda daraja utakakokosa, na kama mwajiri anaweza kukupa likizo bila malipo badala ya kuacha kazi. Mkopo wa masomo wa Bodi ya Mikopo haufutwi na ndege. Hapa ulikuwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kule hakuna wa kukukatia, lakini deni linakusubiri.

Umemaliza hatua hii ukiwa na namba moja ya tofauti kwa mwezi, na ukaweza kuisoma kwa sauti bila kuipamba.

## Hatua ya 6: Weka mezani visivyo na bei

Namba ile ya tofauti sasa ina kazi. Unaiuliza: je, inatosha kwa haya?

Wazazi. Baba yangu alifariki nikiwa nimewasilisha maombi ya kuongeza muda wa viza. Kanuni ya Uingereza ni kwamba ukitoka nchini kabla hujajibiwa, maombi yanahesabika umeyaondoa mwenyewe. Ningerudi kuzika, ningepoteza kazi iliyokuwa ikimlipia mdogo wangu ada ya UDOM. Nilimzika baba kwa simu. Mdogo wangu aliinyoosha juu ya vichwa vya watu, jua la saa nane, naona kingo za udongo mwekundu na kofia za wazee. Mtandao ukakata. Uliporudi, koleo zilikuwa zimefika nusu ya kaburi.

Sikwambii hivyo kukutisha. Nakwambia ukae na mzazi wako mkekani, umuulize akiwa mzima: "Ikitokea sikuweza kuja, utaniwia radhi?" Baba yangu sikumuuliza. Ni swali gumu kulitamka na ni jepesi kulibeba likishajibiwa.

Watoto. Andika jina la mlezi, si "watakaa kwa ndugu". Nani atasaini shuleni? Nani atakaa na kadi ya bima ya afya? Nani ataamua usiku homa ikipanda? Mtoto wa miaka miwili ukimrudia ana saba, yule aliyemlisha uji ndiye atakayemwita mama, na ana haki.

Ndoa. Zungumzeni fedha mnayotuma itaingia akaunti ya nani na ripoti itatolewa lini. Nyumba nyingi za walio nje zimeishia kwenye msingi kwa sababu ya kuona haya kuuliza risiti za saruji.

Uraia. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine anapoteza wa Tanzania. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, ilipotungwa, haikummilikisha ardhi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji. Serikali imekuwa ikishughulikia hadhi maalumu kwa walio nje, kwa hiyo kabla hujala kiapo cha watu ulizia Uhamiaji imefikia wapi. Kibali cha ukaazi peke yake hakikupotezei uraia.

Wewe mwenyewe. Baridi, kimya cha ngazi za ghorofa, kufanya kazi iliyo chini ya elimu yako, kusikia jina lako likikosewa kila siku. Na upande wa pili: kujifunza kazi kwa viwango, kulipwa kwa saa, kutembea usiku bila kujulikana wewe ni binti wa nani. Kwa baadhi yetu hilo la mwisho ni pumzi kubwa, na linastahili mstari wake kwenye safu ya faida.

## Hatua ya 7: Mkague wakala na mkataba

Wakala wa ajira za nje anatakiwa kusajiliwa na kuwa na leseni. Kaulizie ofisi ya kazi au TaESA, kitengo cha serikali cha huduma za ajira. Chukua jina la kampuni kama lilivyo kwenye risiti, si kama anavyojiita.

Kwenye mkataba tafuta vitu sita: jina na anwani ya mwajiri, kazi yenyewe, mshahara na sarafu yake, saa na siku ya mapumziko, nani analipa tiketi ya kurudi, na nini kinatokea ukiugua. Kimoja kikikosekana, hujapata mkataba.

Uwe katika lugha unayoisoma. Yule mzee wa Kongwa tulimpigia simu ustadhi anayefundisha Kiarabu, akaja baada ya alasiri, akausoma polepole kidole kikiwa juu ya mstari. Wakala alikuwa ameahidi riyali 1,500 za Saudia. Mkataba ulisema 900. Riyali hizo zimefungwa kwa 3.75 kwa dola, kwa hiyo ni dola 240 badala ya 400. Siku ya mapumziko haikuandikwa popote. Mzee alikaa kimya, akazirudisha zile fedha mfukoni fungu moja moja, binti akimsaidia kuhesabu. Baadaye walirudi na mkataba mwingine, wa lugha mbili, na huo binti alikwenda nao.

Onyo: usimwachie wakala pasipoti "aihifadhi", na usisaini karatasi ya pili ukifika ambayo hukuiona Dodoma. Kuhusu bahati nasibu ya viza za Marekani, matokeo yake yamekuwa yakitolewa na serikali yao kwenye tovuti yao. Anayekupigia kwamba umeshinda na utume fedha kwa simu ni mwizi.

## Hatua ya 8: Jaribu mwezi mmoja kabla hujaondoka

Hii naipenda kuliko zote, na haigharimu kitu. Kwa siku 30 ishi kama umeshaondoka.

Watoto walale kwa mlezi uliyemwandika. Wapigie mara mbili tu kwa wiki, saa tatu usiku. Soma lugha saa moja kila alfajiri kabla ya kazi. Pika na kula peke yako. Na ile namba ya kutuma nyumbani, itoe mfukoni kila mwisho wa wiki uikabidhi, kisha usiulize.

Utajua mengi. Mama mmoja wa Kisasa aligundua siku ya tisa kwamba mlezi hawezi kumwamsha mtoto kwa dawa za pumu. Akabadilisha mlezi, akaenda. Kijana mmoja wa Ihumwa aligundua kwamba hawezi kusoma Kijerumani hata siku nne mfululizo. Ni afadhali alijua hapa.

Ukimaliza siku 30 na bado unataka, hamu yako imeshapimwa.

## Hatua ya 9: Chora mstari wa kurudi, kisha amua

Kabla ya uamuzi andika mambo matatu yatakayokurudisha bila kujadiliana na mtu. Yawe wazi: "Nisipolipwa miezi miwili mfululizo." "Nikinyang'anywa pasipoti." "Nikifika Desemba ya mwaka wa tatu bila milioni 10 za akiba." Mpe nakala mtu mmoja mwenye msimamo, umwambie ana ruhusa ya kukupigia na kukusomea.

Tenga nauli ya kurudi kwenye akaunti ambayo ndugu hawaijui. Waliokwama kule, wengi wao walikosa tiketi tu.

Kisha weka tarehe ya kuamua, soma kurasa zako kwa mfuatano, uandike "naenda" au "nabaki" na usaini. Ukiandika "nabaki", fungua ukurasa wa Hatua ya 5 uanze nao wiki hiyohiyo, la sivyo hukuchagua kubaki, umeahirisha tu. Daftari liweke, masharti ya viza hubadilika na mwakani hesabu inaweza kuwa nyingine.

Ukiandika "naenda", nenda kwa wakili ukasaini hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha kwenye kiwanja, benki na shule. Pata namba ya ubalozi wa Tanzania katika nchi hiyo na uihifadhi kichwani pia. Toa kopi tatu za pasipoti, viza na mkataba: moja kwa mlezi wa watoto, moja uipige picha uitume kwenye barua pepe yako, ya tatu iwe kwenye begi la mkononi, si lile linalopita kwenye mizigo.